Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Utambuzi wa Magari ya Kale Katika Picha

Ndugu Wanachama,

Kwa mujibu wa katiba yetu, nawasilisha kwenu taarifa ya kazi za chama kwa mwaka unaomalizika. Kuhusu fedha sitasema mengi, kwani hesabu zimekwisha kukaguliwa na Mweka Hazina atazisoma mwenyewe. Nitajikita katika kazi iliyotukutanisha, yaani kuyapa majina magari yaliyomo katika picha za zamani, hususan yale ambayo hata wazoefu wetu huyatazama wakanyamaza.

Kamati ya Utambuzi ilipitisha kanuni moja mwaka huu, nami naiunga mkono bila kusita: hakuna gari litakaloandikwa jina katika daftari letu kwa ushahidi wa rejeta peke yake. Wengi wenu mmezoea kuanzia hapo, na si vibaya, maana rejeta ndiyo sura ya gari; ila sura hufanana. Boneti inayoteremka kwa mbele, huku rejeta ikiwa nyuma ya injini, humfanya kila mtu aseme Renault. Lakini Charron na Clément-Bayard, za Ufaransa vilevile, ziliwahi kuundwa hivyo, na Franklin ya Marekani, ambayo injini yake ilipozwa kwa hewa na haikuhitaji rejeta kabisa, nayo iliwahi kuvaa boneti ya namna hiyo.

Mjadala mrefu kuliko yote ulihusu gari la wazi lenye rejeta ya duara. Waliosema Delaunay-Belleville walikuwa na hoja, kwa kuwa kampuni hiyo ilitokana na watengenezaji wa boila na umbo la duara likawa alama yake. Wengine walitaja Spyker ya Uholanzi, na wachache Hotchkiss. Picha ilipochanganuliwa upya kwa skana kutoka kwenye negativu ya kioo, yaani kioo cha asili kilichopigiwa picha, badala ya nakala ya karatasi iliyofifia, kifuniko cha kitovu cha gurudumu la mbele kilisomeka herufi za mwisho, KISS, na juu ya rejeta ikaonekana mizinga miwili iliyopishana, nembo ya kampuni iliyounda silaha kabla ya kuunda magari. Wachache wakashinda.

Kuhusu tarehe, kamati inasisitiza kwamba kitu kipya kuliko vyote katika picha ndicho kinachoweka mpaka. Taa za asetilini, yaani za gesi, hazithibitishi kwamba picha ni ya kabla ya taa za umeme, kwa sababu magari yalitumika miaka mingi. Lakini breki za magurudumu ya mbele, ambazo hazikuenea hadi miaka ya 1920, haziwezi kupuuzwa. Vibao vya namba vya Uingereza, vilivyoanza kutakiwa kisheria tarehe 1 Januari 1904, hutaja mahali gari liliposajiliwa, wala si lilipoundwa.

Usukani nao hupotosha. Bugatti na Lancia ziliendelea kuuweka kulia kwa miaka mingi, ingawa katika nchi zao magari hupita upande wa kulia wa barabara. Zaidi ya hayo, negativu ya kioo ikigeuzwa wakati wa kusafisha picha, kushoto huwa kulia. Kabla ya kubishana, tazameni koti la dereva mwanamume, ambalo kwa kawaida upande wake wa kushoto hulala juu. Rangi ndiyo tusiijadili kamwe, kwani sahani za kioo za kupigia picha za wakati ule zilionyesha buluu kama nyeupe na nyekundu kama nyeusi.

Mwaka ujao kamati itashughulikia magari ya umeme, ikianza na Detroit Electric, iliyouzwa kuanzia 1907 hadi 1939 na ambayo umbo lake refu la vioo lilibadilika polepole mno kuweza kutupa tarehe kwa urahisi. Wenye picha za aina hiyo wanaombwa kuchanganua pande zote mbili, kwa kuwa mhuri wa studio huwa nyuma, na kumfikishia Katibu bila kupunguza ukubwa wa faili.

Wenu katika utumishi,
Mwenyekiti