Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Tulibishana Nini, na Wapi

Ndugu wanachama,

Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina, na habari za mafunzo, mashindano na makala mpya zimo katika taarifa ya katibu ambayo mmekwisha kugawiwa. Sitazirudia. Nafasi yangu nataka niitumie kwa jambo moja ambalo wengi wenu mmeniletea kwa simu, kwa ujumbe wa faragha na kwa kunivuta kando baada ya vikao: mabishano baina yetu, wahariri wa kujitolea wa Wikipedia ya Kiswahili.

Wapo wanaosema mwaka huu tumegombana mno. Mimi siafiki. Kamusi elezo hii imekaa juu ya ubishi tangu Jimmy Wales na Larry Sanger walipoianzisha kwa Kiingereza Januari 2001. Kila makala ina ukurasa wake wa majadiliano, na ina historia inayoonyesha nani alibadili nini na lini. Waliobuni utaratibu huu walijua watu watapingana, wakawatengea mahali. Kinachonisumbua ni kwamba mahali hapo tunapakimbia. Tunabishana kwenye kundi la simu, au wawili wanaofahamiana wanamalizana wenyewe, kisha badiliko linatokea kwenye makala bila maelezo. Mhariri asiyekuwemo kwenye kundi, na wengi hawamo, anakuta aya yake imeondolewa na muhtasari wa uhariri, ule mstari wa kueleza sababu ya badiliko, umeachwa mtupu. Atajuaje kama ni uamuzi au ni uonevu?

Nianze na lililopiga kelele zaidi. Makala ya mwanasiasa mmoja aliye hai (simtaji, mnamjua) iliwatia wahariri wawili wazoefu katika vita vya uhariri. Mmoja aliingiza aya ya tuhuma zilizoandikwa na gazeti moja, mwenzake akaitoa, ikarudi, ikatolewa tena. Wikipedia ya Kiingereza ina kanuni inayomkataza mhariri kutengua kazi ya wengine zaidi ya mara tatu kwenye ukurasa mmoja ndani ya saa 24. Naipenda kanuni hiyo kwa sababu haijali nani ana haki. Hata mwenye hoja nzuri akivuka mpaka anaweza kuzuiwa. Sisi tuliifuata roho yake: mkabidhi, yaani mhariri aliyepewa funguo za kufuta, kufunga kurasa na kuzuia watumiaji, aliufunga ukurasa jinsi alivyoukuta, na papo hapo nikapokea malalamiko kwamba umefungwa kwenye toleo bovu. Malalamiko hayo ni ya zamani kiasi kwamba Wikimedia wana ukurasa wa mzaha kuhusu jambo hilo hilo, unaoeleza kwamba ukurasa ukifungwa hufungwa siku zote kwenye toleo lisilo sahihi.

Baada ya kufungwa, wale wawili walilazimika kuandikiana. Siku za mwanzo ilikuwa kutupiana maneno. Baadaye swali likahama: wakaacha kuulizana kama mheshimiwa ana hatia, wakaanza kuulizana vyanzo vingapi vinavyojitegemea vimeandika habari ile, na inastahili nafasi kiasi gani katika maisha ya mtu mzima. Ilikwisha kwa sentensi mbili, zinazotaja nani amesema nini, pamoja na jibu la mwenyewe. Hakuna aliyefurahi kati yao. Lakini makala ile sasa ni nzuri kuliko zote tulizonazo za wanasiasa, na yeyote atakayetaka kuigusa mwakani atakuta sababu zimeandikwa.

Uangalifu huo hautokani na woga. Mwaka 2005 makala ya Kiingereza juu ya mwandishi wa habari wa Marekani John Seigenthaler ilikaa kwa miezi kadhaa ikidai kwamba aliwahi kushukiwa kuhusika na mauaji ya John na Robert Kennedy. Ulikuwa uongo mtupu, na hakuna mhariri aliyebisha. Ndiyo maana nawaambia wanaotaka "amani" kwamba makala ile ya Seigenthaler ilikuwa na amani tele.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 katika jarida la Nature Human Behaviour unanipa nguvu zaidi. Watafiti walichunguza makala nyingi za Wikipedia ya Kiingereza, wakaona zile zilizoandikwa na wahariri wa misimamo ya kisiasa inayopingana zilielekea kuwa na ubora zaidi ya zile za wenye msimamo mmoja. Majadiliano yao yalikuwa marefu zaidi, na yalijikita kwenye hoja. Hawakupendana, lakini kila mmoja alimlazimisha mwenzake kuleta chanzo.

Nije kwenye mgogoro uliotupotezea watu, ule wa makala za mashindano. Mnajua unavyoanza. Shindano linatangazwa, pointi zinahesabiwa kwa makala, na mgeni mwenye ari anagundua kwamba programu ya kutafsiri inampa aya nyingi katika muda ambao mwenzake anaandika sentensi mbili. Kinachozaliwa ni makala ambayo kila neno lake ni la Kiswahili na hakuna sentensi inayosomeka. Wahariri wa zamani walikasirika, na haki walikuwa nayo. Namna walivyokasirika ndiyo nisiyoikubali: kigezo cha kufuta, yaani tangazo la kutaka makala ifutwe, kilibandikwa kwenye makala moja baada ya nyingine, bila neno kwenye ukurasa wa mtumiaji, na mgeni akaamka akakuta kazi yake yote haipo. Baadhi yao hawajarudi. Sisi tunaotangaza kila siku kwamba hatuna wahariri wa kutosha!

Upande wa pili nao walijitetea kwa hoja kwamba makala mbovu ni afadhali kuliko kukosa makala. Hapo siwafuati hata hatua moja. Mwaka 2020 ilibainika kwamba sehemu kubwa sana ya Wikipedia ya Kiskoti (lugha ya Uskoti iliyo jamaa ya Kiingereza), makala kwa maelfu, iliandikwa kwa miaka kadhaa na mtu mmoja wa Marekani asiyeijua lugha hiyo. Alianza akiwa kijana mdogo, na hakuwa na nia mbaya. Wasomaji waliofika pale kuona Kiskoti kinavyoandikwa walikuta Kiingereza kilichopindwa tahajia. Habari ilipolipuka, kijana yule alimiminiwa matusi mtandaoni, na wenye lugha wakabaki na mlima wa kusafisha. Mkasa huo unawasuta wote wawili katika ugomvi wetu, anayejaza kurasa bila kujali lugha na anayemponda mkosaji badala ya kumwelekeza mapema.

Tulichokubaliana, na safari hii kwenye ukurasa wa jumuiya mbele ya kila mtu, ni kwamba makala ya mgeni yenye lugha mbovu ihamishiwe kwanza kwenye ukurasa wake wa majaribio, aandikiwe ujumbe wenye mfano wa sentensi iliyosahihishwa, na apewe muda. Waamuzi wa mashindano wasihesabu makala ambayo hakuna aliyeisoma. Kazi ya kusoma ni nzito na waliojitokeza kuifanya ni wachache. Nawashukuru bila kuwataja, wenyewe wameomba iwe hivyo.

Ubishi ambao haujaisha ni wa simulizi. Mhariri anaandika historia ya ukoo au ya ngoma fulani, anaulizwa chanzo, anajibu kwamba ni babu yake. Kanuni ya kuthibitishika na katazo la utafiti binafsi zinataka chanzo kilichochapishwa, na mambo yetu mengi hayajawahi kuchapishwa na mtu yeyote. Swali hili si letu peke yetu. Mwaka 2011 Achal Prabhala aliongoza mradi uliofadhiliwa na Wikimedia Foundation, shirika linaloendesha Wikipedia, mradi uliowarekodi watu huko India na Afrika Kusini ili sauti zao zitumike kama vyanzo. Wengi waliusifu, wengine waliupinga vikali, na kanuni hazikubadilika. Kamati yetu imegawanyika. Maoni yangu binafsi ni kwamba simulizi iliyorekodiwa, ikahifadhiwa mahali ambapo yeyote anaweza kuisikiliza, itajwe kama kauli ya msimuliaji, na isiandikwe kama jambo lililothibitishwa. Wenzangu wawili wanaona nimefungua mlango wa uzushi. Hoja zao ziko kwenye ukurasa wa majadiliano, nanyi mnakaribishwa kuzisoma kabla ya kunipigia simu.

Kuhusu majina ya makala sitasema mengi. Wikipedia ya Kiingereza ilivutana tangu 2003 hadi 2011 kama neno "yogurt" litiwe herufi h au lisitiwe. Sisi bado hatujafika huko.

Linalobaki ni la wakabidhi, na najua lina uchungu. Jumuiya yetu ni ndogo. Mwenye funguo za kufuta na kuzuia ndiye huyo huyo anayewafundisha wageni na kuamua mashindano. Ripoti iliyotolewa na Wikimedia Foundation mwaka 2021 ilieleza jinsi kikundi cha wakabidhi wenye itikadi kali za kitaifa kilivyoitawala Wikipedia ya Kikroatia kwa karibu miaka 10, kikipotosha historia na kuwazuia waliopinga. Sisemi tumefika huko, wala sioni dalili. Nasema tu kwamba jumuiya ndogo hutekwa kirahisi, na hutekwa na watu wanaoelewana vizuri. Dole gumba nyingi kwenye kundi la simu hazifanyi makubaliano. Hata kura, kwa desturi yetu, haitoshi peke yake pasipo hoja inayotegemea kanuni.

Kwa hiyo kamati inaleta mbele yenu maazimio mawili. La kwanza, uamuzi wowote juu ya makala uliofikiwa nje ya Wikipedia usihesabiwe mpaka uandikwe kwenye ukurasa wa majadiliano pamoja na sababu zake, na wasiokuwemo wapewe siku saba za kujibu. La pili, mkabidhi aliyeshiriki katika ubishi asifunge ukurasa huo wala asimzuie anayebishana naye, bali amwite mkabidhi mwingine. Azimio hili la pili lilipingwa kwenye kamati na mjumbe mmoja kwa hoja kwamba wakabidhi wenyewe ni wachache na uharibifu hausubiri. Ana haki, na ndiyo maana tumeongeza kifungu kinachoruhusu hatua ya dharura dhidi ya uharibifu wa wazi. Atapewa nafasi ya kueleza msimamo wake kabla hamjapiga kura.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti