Barua ya wazi kwa Msimamizi wa Mifuko ya Pensheni

Yah: Majengo yanayonunuliwa na kupangishwa tena kwa wauzaji wake

Mheshimiwa Msimamizi,

Ninakuandikia nikiwa mwanachama wa mfuko wa pensheni unaonunua majengo ya biashara kutoka kwa kampuni zinazoyatumia, kisha kuyapangisha papo hapo kwa kampuni hizo hizo kwa miaka 15 au 20. Uwekezaji huu siupingi. Muuzaji hupata fedha taslimu bila kuhama, mfuko hupata mpangaji tangu siku ya kwanza, na mara nyingi mpangaji ndiye anayebeba bima na matengenezo. Ninachoomba ni uitake mifuko ieleze bei ya jengo ilipatikanaje.

Kwa kawaida bei hiyo huzaliwa na pango. Jengo lenye pango la milioni 8 kwa mwaka, mnunuzi akiridhika na faida ya asilimia 8, huuzwa milioni 100. Muuzaji akikubali kulipa milioni 10, jengo lile lile, bila tofali moja kuongezwa, linafika milioni 125. Muuzaji anafurahi kwa kuondoka na fedha nyingi zaidi, dalali anafurahi kwa kuwa kamisheni yake hufuata bei, na meneja wa mfuko ana mapato manono ya kuonyesha kwenye ripoti ya mwaka. (Biashara isiyomnunisha yeyote mezani inastahili kutiliwa shaka.) Ikiwa pango la soko ni milioni 8, zile milioni 25 za juu ni mkopo aliopewa mpangaji bila dhamana, na zitarudi tu iwapo biashara yake itadumu. Hata kanuni ya kimataifa ya uhasibu IFRS 16, inayotumika tangu Januari 2019, huihesabu ziada ya namna hiyo kuwa fedha ambazo mnunuzi amemkopesha muuzaji.

Mikahawa ya Red Lobster ya Marekani iliponunuliwa na kampuni ya uwekezaji ya Golden Gate Capital mwaka 2014, mali zake za ardhi na majengo ziliuzwa kwa takriban dola bilioni 1.5, nayo ikabaki humo kama mpangaji. Mei 2024 kampuni hiyo ilikimbilia mahakamani kuomba kinga dhidi ya wadai, ikieleza kwamba sehemu kubwa ya mikataba yake ya pango ilizidi bei ya soko. Halikuwa tatizo lake pekee. Lakini mpangaji wa aina hiyo akiondoka, mwenye jengo hubaki na majiko na vyumba vya baridi ambavyo anayetaka kufungua duka atalazimika kuving'oa, na gharama hiyo ataidai ipunguzwe kwenye pango.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, kila mfuko utakiwe kupata thamani ya jengo likiwa tupu, kutoka kwa mthamini asiyechaguliwa na muuzaji wala dalali, na kuitangaza kwa wanachama pamoja na bei iliyolipwa. Mfuko utangaze pia pango la majengo jirani yanayolingana nalo, na mapato ya mpangaji katika jengo hilo yanalifunika pango mara ngapi. Agizo hilo litoke kabla ya hesabu za mwaka huu kufungwa, na liiguse pia mikataba iliyokwisha kusainiwa.

Wako katika ujenzi wa mfuko ulio salama,
Mwanachama mchangiaji