Akinyi, usinakili namba za wiki iliyopita

Mwanangu Akinyi,

Ujumbe wako tuliupata Jumapili tukitoka kanisani. Mdogo wako alinisomea mara mbili pale uani, mara ya pili kwa sababu mama yako alidai tumeruka maneno. Hatukuwa tumeruka. Ni wewe uliyeandika kidogo.

Sisi tuko salama. Hapa Maseno jua ni lilelile, linachomoza saa moja kasorobo na kutua saa moja kasorobo, na kile kibao cha ikweta kando ya barabara watu bado wanapigia picha. Nilimweleza nyanya yako kwamba kutoka kwenye kibao kile hadi hapo Ncha ya Kusini ulipo ni kama kilomita 10,000, robo ya kuizunguka dunia, na kwamba kwenu jua lilitua Machi na halitachomoza mpaka Septemba. Aliniangalia kama anayemwangalia mlevi. Kisha akasema, "Basi hilo jina mlimpa la bure." Wewe Akinyi, mtoto wa alfajiri, kukaa miezi sita bila asubuhi.

Utaratibu wenu wa wiki naujua sasa kama wangu. Kuoga mara mbili, dakika mbili kila mara. Hapo nilicheka. Mmekaa juu ya barafu inayokwenda chini zaidi ya kilomita mbili na nusu, halafu maji mnayapima kama watu wa Kisumu wanaonunua kwa mitungi mfereji ukikauka, na ziwa wanaliona pale. Uliponieleza ndipo nikaelewa kwamba shida si maji, ni mafuta. Mnateremsha maji moto yayeyushe kisima ndani ya barafu, mnayavuta juu kwa pampu, na kila ndoo imekula mafuta yaliyoletwa kutoka mbali. Tena mafuta ya ndege, maana dizeli yetu hii ingeganda kama Kimbo. Hiyo ya joto la injini kupasha nyumba nzima nimewasimulia mafundi wenzangu. Sisi tulilitumia kukaushia soksi.

Mama yako amefurahia zaidi habari ya zamu za usafi, kwamba hata mwanasayansi wa darubini anasugua choo. Anasema hapo ndipo alipojua ni mahali pa watu wazima.

Lakini kuna mstari mmoja ambao mdogo wako aliusoma akicheka, na mimi sikucheka. Ulisema Ijumaa moja ulikuwa umechoka, na kwa kuwa geji za jenereta husoma vilevile kila wiki, ulinakili namba za wiki iliyopita ukaenda kulala.

Sijawahi kukuambia kwa nini niliacha kazi kwenye ile hospitali. Nilisema ni mshahara. Haikuwa mshahara.

Jenereta yetu ilikuwa nyuma ya mochari. Kila Ijumaa kazi yangu ilikuwa kuiwasha robo saa, kuangalia maji ya betri, na kufungua ile skrubu ndogo chini ya kikombe cha filta. Unajua inavyokuwa: maji hutoka kwanza kwa sababu yametuama chini, kisha dizeli inafuata, na vidole vinajua kabla ya macho, maana dizeli inateleza. Ni kazi ya dakika moja. Ijumaa tatu mfululizo sikuifungua. Niliandika "sawa" kwenye rejista, kalamu ileile, mwandiko uleule. Tangi lilikuwa kuukuu, mfuniko wake haufungi vizuri, na ilikuwa Aprili, unajua mvua ya Aprili.

Usiku mmoja stima ikapotea. Injini ikawaka, nikaisikia nikiwa kitandani, nikageukia ukutani nilale. Dakika chache tu ikaanza kukohoa. Ikazima.

Nilikimbia peku. Thieta kulikuwa na mama anapasuliwa ajifungue, wauguzi wawili wamemshikia daktari tochi. Mimi nje na spana, namwaga maji, natoa hewa kwenye mabomba, dizeli inanitiririka mpaka kwenye viwiko. Mtoto nilimsikia akilia kabla injini haijashika. Mama na mtoto walikwenda nyumbani wote wawili. Kesho yake mkubwa wangu alifungua rejista, akaona "sawa" tatu, akanipa pole kwa kazi ya usiku. Ile pole ndiyo iliyonishinda. Sikumaliza mwezi.

Na sisi tulikuwa na gari la kumkimbiza mgonjwa Kisumu. Kwenu ndege ya mwisho iliondoka Februari, nyingine mtaiona mwisho wa Oktoba. Najua mna jenereta za dharura upande mwingine wa stesheni. Sisi pia tulikuwa na tochi.

(Mama yako nimemficha habari ya Jerri Nielsen, yule daktari aliyejigundulia uvimbe wa saratani ya matiti hapohapo mwaka 1999, akadondoshewa dawa na ndege kwenye giza la Julai, akatolewa Oktoba. Akikuuliza, hujui.)

Ijumaa hii nenda kwenye injini mwenyewe. Kisha uniandikie: presha ya oili, joto la maji, saa ambazo injini imekwenda. Kila wiki. Nimeshanunua daftari, nimechora mistari. Setilaiti yenu ikichelewa nitasubiri, mimi mstaafu naenda wapi?

Mama yako anauliza kama kwenye kile chumba cha mboga mnachomulika kwa taa kunaweza kuota managu. Nimemwambia mbegu haziingizwi huko bila kibali. Amesema basi uombe kibali.

Baba yako