Barua ya wazi kwa wanafunzi wa historia: someni kwanza, ndipo mmhukumu Stanisław

Wanangu mnaosoma historia ya Ulaya,

Salamu nyingi. Nimewasikia mkimjadili Stanisław August Poniatowski, mfalme wa mwisho wa Polandi, na wengi wenu mmeshafunga kesi: kibaraka wa Urusi, aliyeuza nchi. Nawasihi mlifungue tena faili hilo.

Ni kweli kiti alikipata kwa nguvu za Catherine II, ambaye alikuwa mpenzi wake huko Saint Petersburg kabla mwanamke huyo hajatawala Urusi. Alipochaguliwa mwaka 1764, askari wa Urusi walikuwa nchini. Lakini jiulizeni alikabidhiwa nchi ya namna gani. Mbunge mmoja, mmoja tu, aliweza kusimama akasema "sikubali", na kikao kizima kikavunjika pamoja na sheria zote kilizokwisha kupitisha. Mfalme aliyemtangulia, August III, alitawala karibu miaka 30, na katika muda wote huo ni Bunge moja tu lililofika mwisho wake, lile la 1736. Bunge lisipokamilika hakuna kodi mpya, na pasipo kodi hakuna jeshi la maana. Majirani walilijua hilo, wakawa wanahonga wabunge ili hali ibaki vilevile.

Mwaka 1772 Urusi, Prusia na Austria zikamega nchi yake. Mwaka uliofuata ikaundwa Tume ya Elimu ya Taifa, ambayo wengi huihesabu kuwa wizara ya kwanza ya elimu Ulaya. Kila nikifika hapo nasimama kidogo. Watu wamenyang'anywa ardhi, na wanakaa kupanga vitabu vya shule! Mfalme naye alikuwa akiwakaribisha waandishi na wasomi kwenye chakula cha Alhamisi, akamweka mchoraji Bernardo Bellotto achore mitaa ya Warsaw nyumba kwa nyumba. Vita Kuu ya Pili ilipoubomoa mji huo, wajenzi walizitazama picha hizohizo kuurudisha.

Kisha ikaja Katiba ya Mei 3, 1791, ambayo yeye mwenyewe alishiriki kuiandika. Ile kura ya mtu mmoja ikafutwa. Nadhani hapo ndipo Catherine alipochukia hasa, kwa kuwa Polandi yenye Bunge linalofanya kazi isingeburuzwa tena.

Mwaka 1792 Urusi ikavamia. Mpwa wake mfalme, Józef Poniatowski, aliwashinda Warusi huko Zieleńce mwezi Juni. Mwezi Julai, jeshi likiwa bado uwanjani, mfalme akajiunga na Targowica, kundi la mabwana waliowaita Warusi. Hapo simtetei. Aliamini ataokoa kilichobaki. Mwaka uliofuata nchi ikamegwa tena, na mwaka 1795 ikafutwa kwenye ramani hadi 1918. Alijiuzulu Novemba 25, 1795, tarehe ileile aliyovishwa taji mwaka 1764, akafia Saint Petersburg mwaka 1798.

Mkikutana tena, isomeni kwanza Katiba ya 1791, si ndefu. Kisha bishaneni juu ya Julai 1792: kwa jeshi alilokuwa nalo, na hazina aliyokuwa nayo, angeweza kuendelea kupigana kwa muda gani? Mkipata jibu lenye hoja, niandikieni, hata kama linanipinga.

Wenu,
Mwalimu mstaafu