Vishikwambi vya walimu vifike hadi kwenye mfongo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie namna tunavyowafundisha watoto wa shule za msingi habari za viumbe wa majini hapa Moshi. Baada ya Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022, vishikwambi vilivyotumiwa na makarani viligawiwa walimu, nami nilipata kimoja. Kwa muda mrefu nilikitumia kujaza taarifa na, katika kipindi cha Sayansi, kuonyesha video za matumbawe ya bahari za mbali, mpaka mwanafunzi wa darasa la nne aliponiuliza kama samaki wale wa rangirangi huvuliwa kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu. Nilitambua kwamba nilikuwa nimewapeleka watoto mbali huku maji yanayopita nyuma ya darasa hawayajui.

Tangu hapo huchota mwenyewe maji ya mfongo, yaani mfereji wa asili wa umwagiliaji, kwa ndoo, nikiwa na mabuti na glavu. Kishikwambi kikilazwa mezani na tone dogo la maji safi likawekwa juu ya kamera ya mbele, tone hilo huwa lenzi ya kukuza, na sampuli ya maji ya mfongo ikisogezwa juu yake watoto huona nyuzi za mwani, viluwiluwi vya mbu vinavyopumua kwa mrija juu ya maji, na konokono wadogo kuliko punje ya mtama. Hapo ndipo somo la kichocho linapoeleweka, kwa sababu vimelea vyake hukua ndani ya baadhi ya konokono wa majini kisha hupenya ngozi ya binadamu, na mtoto anajifunza hayo bila kuingiza mguu majini. Faida hii naithamini kuliko zote.

Picha za setilaiti nazo zina kazi yake. Darasa langu limefuata maji ya mto Weruweru hadi mto Kikuletwa, bwawa la Nyumba ya Mungu, mto Pangani na mwisho Bahari ya Hindi. Limeona pia jinsi majani marefu yalivyozonga kingo za Ziwa Jipe. Baada ya safari hiyo ya kwenye kioo, haikuwa vigumu kueleza kwamba mbolea inayosombwa kutoka shambani hustawisha mwani, nao mwani mwingi ukifa na kuoza humaliza oksijeni ambayo perege anaihitaji.

Kikwazo ni bando, ambalo walimu wengi hulinunua kwa fedha zao. Ninapendekeza halmashauri zetu zipakue picha hizo mara moja na kuzisambaza kwa kadi za kumbukumbu, na vikao vya kata vya MEWAKA (mafunzo endelevu ya walimu kazini) vitumike kubadilishana video fupi za Kiswahili ambazo walimu wenyewe wamezirekodi kwenye mifongo na mito yao. Nawaomba pia wathibiti ubora wa shule, wanapokagua matumizi ya vishikwambi, waulize watoto wameona nini kwa vifaa hivyo, si kuhesabu tu taarifa zilizojazwa.

Mwalimu wa Sayansi,
Moshi.