Mikopo ya asilimia kumi imemwacha mzee nje ya shamba lake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo ambalo huku kwetu mkoani Kilimanjaro huzungumzwa sana baada ya mkutano wa kijiji kufungwa, watu wakiwa njiani kurudi makwao, lakini ni nadra kulisikia ndani ya mkutano wenyewe. Utaratibu wa mikopo ya halmashauri humtengea kijana fungu lake, na mzee haumhesabu kabisa, ilhali wawili hao huishi kwenye kihamba kimoja, yaani shamba la ukoo lenye nyumba ndani yake, na kutegemea migomba na mibuni ileile.

Wasomaji wako wengi wanaifahamu mikopo hiyo. Kila halmashauri inatakiwa kisheria kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani na kuyakopesha bila riba: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, asilimia 4 kwa vijana na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu. Mwaka 2023 Serikali iliisitisha baada ya ukaguzi kuonyesha fedha ambazo hazikurejeshwa na vikundi hewa vilivyokopeshwa, kisha ikairudisha mwaka 2024 kwa utaratibu mpya, baadhi ya halmashauri zikipangiwa kuitoa kupitia benki. Sina ugomvi na marekebisho hayo, yalihitajika. Ninachosema ni kwamba mgawanyo wa nne, nne na mbili ulibaki vilevile, na mtu aliyefikisha miaka 60, ambaye Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua kuwa mzee, hana fungu lake. Bibi anaweza kuingia kwa mlango wa wanawake, na mwenye ulemavu kwa mlango wake. Babu ambaye bado ana nguvu za kushika msumeno wa kupogolea hana pa kupiga hodi.

Nitatoa mfano ninaoujua vizuri kwa sababu barua zake niliziandika kwa mkono wangu. Jirani yangu, mzee wa miaka 74, ana kihamba cha ekari moja na ushee chenye mibuni iliyopandwa na baba yake. Mibuni hiyo imechoka. Mashina yamevaa kuvumwani, matawi yamekwenda juu mpaka mchumaji huyavuta kwa kamba, na mwaka wa mvua nyingi chulebuni, ugonjwa wa matunda ya kahawa, huharibu matunda mengi kabla hayajawiva. Vijana watano wa kitongoji chetu, wawili kati yao wakiendesha bodaboda za watu na kupeleka hesabu kwa tajiri kila jioni, walimfuata wakiwa na wazo lililonishangaza kwa ukamilifu wake: mibuni ya zamani ing'olewe mstari kwa mstari, ipandwe miche bora iliyotokana na utafiti wa TaCRI, Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania, pale Lyamungo, ambayo huhimili chulebuni na kutu ya majani, na katikati ya mistari walime maharage na mboga hadi kahawa ianze kuzaa. Mzee angetoa ardhi na ujuzi, wao wangetoa nguvu, na mauzo wangegawana. Mzee alikubali, na mkewe akakubali, na wote saba wakaiandika katiba ya kikundi jikoni kwake, chai ikiwa mezani.

Fomu ilirudishwa kutoka halmashauri kwa sababu wanakikundi wawili walikuwa wamevuka umri wa ujana. Tulishauriwa tufute jina la mzee na la mkewe, na shamba lionekane kuwa ni eneo lililokodishwa. Tukafuta. Tangu siku hiyo mradi huu kwenye karatasi ni wa vijana watano wasio na ardhi, juu ya ardhi ya mtu ambaye si mwanakikundi, na siku wakikosana hakutakuwa na hati yoyote inayoonyesha kwamba mzee huyu aliwahi kuwa mshirika wala kwamba vijana wale walikuwa na haki ya kuchuma walichopanda. Aliyetushauri hakuwa na nia mbaya hata kidogo. Alisoma kanuni iliyokuwa mbele yake, na nadhani alituonea huruma.

Asiyeifahamu milima yetu atauliza kwa nini vijana wasitafute mashamba yao wenyewe. Kihamba hurithiwa, na kwa kuwa kimegawanywa kizazi baada ya kizazi, wengi leo wana kipande ambacho mtu hukizunguka kabla chai haijapoa. Humo humo kuna migomba, kahawa, ng'ombe wa kukatiwa majani, na makaburi ya ukoo, na kwa ajili ya makaburi hayo watu hawauzi kwa urahisi. Kijana anabaki kusubiri. Namfahamu baba wa watoto watatu ambaye hadi leo huomba ruhusa kwa mzazi wake kabla ya kukata mkungu wa ndizi. Wakati huohuo mzazi amechoka, watoto wake wengine wako Dar es Salaam na Arusha, wanatuma fedha za dawa na kuja Desemba, na kahawa inazidi kuota msitu.

Hali hii huonekana wazi zaidi kwenye mkutano mkuu wa AMCOS, chama chetu cha ushirika wa wakulima. Mimi hupenda kukaa nyuma, na kutoka pale naona mvi na kofia za baridi tu. Daftari la wanachama bado lina majina ya marehemu, ambao familia zao zinaendelea kupeleka kahawa ya maganda kwa namba zao. Kijana anayechuma, anayemenya na kuanika kahawa hiyo si mwanachama, hapigi kura, na malipo ya pili, yale ya nyongeza baada ya kahawa kuuzwa, yanapokuja huyasikia kwa wengine. Kisha tunaketi na kulalamika kwamba vijana hawapendi kilimo.

Kuna pia suala la muda. Mche wa kahawa huchukua kama miaka mitatu kabla ya kutoa mavuno ya kueleweka, lakini marejesho ya mkopo hayasubiri muda wote huo. Kijana mwenye akili zake atakopea pikipiki, ambayo huleta fedha siku inapotoka dukani, na sisi tutashangaa kwa nini kila kijiwe kina pikipiki 30 na abiria wanne.

Najua hofu iliyopo, na baadhi yake ni ya kweli. Mzee anaweza kutumiwa kama kivuli cha kupatia mkopo, na anaweza pia kumkaribisha kijana shambani leo na kesho akaambiwa shamba si lake. Hofu hii ya pili ndiyo inayowafanya wazee wengi wakatae hata kuanza mazungumzo. Lakini ushirika wa aina hii si mgeni kwetu. Tangu zamani mtu humlea ng'ombe wa mwenzake, akapata maziwa na mbolea, na ng'ombe akabaki mali ya mwenyewe, na kila mtaa unajua ng'ombe yupi ni wa nani. Kinachohitajika ni kuyaandika makubaliano ya mibuni kwa uwazi uleule: ardhi ibaki ya mzee na warithi wake, na mavuno ya mibuni mipya yagawanywe kwa miaka itakayotajwa, hata kama mzee atafariki katikati.

Kwa hiyo naiomba TAMISEMI, inayosimamia halmashauri, iangalie upya kanuni zake ili kikundi cha vijana kiruhusiwe kuwa na wazee wachache, tuseme wasiozidi theluthi, pale ambapo wazee hao ndio wenye ardhi au karakana inayotumika, na marejesho ya mikopo ya mazao ya kudumu yaanze baada ya mavuno ya kwanza. Mabaraza ya wazee tayari yapo katika kata nyingi, ingawa mara nyingi huitwa kupokea wageni na kula pilau. Yapewe kazi ya kushuhudia mikataba hii pamoja na halmashauri ya kijiji. Wengine watasema mzee anahitaji pensheni, si mkopo. Zanzibar imewalipa Pensheni Jamii wakazi wote waliotimiza miaka 70 tangu Aprili 2016, na ningefurahi tukiiga huku Bara, lakini jirani yangu hajaomba kulipwa akiwa ameketi. Ameomba jina lake liwe kwenye kikundi.

Kwa sasa fomu mpya yenye majina matano imepelekwa na tunasubiri majibu. Miche iko kwenye viriba nyuma ya banda la ng'ombe, na anayeimwagilia kila asubuhi, kabla vijana hawajafika, ni mzee yuleyule tuliyemfuta.

Wako,
Mwalimu mstaafu,
Mkoa wa Kilimanjaro