Jumamosi tunatoa injini ya MX-5

Habari zenu wanakikundi. Jumamosi hii saa 3 asubuhi tukutane gereji kwangu tutoe injini na giaboksi ya ile Mazda MX-5, zote kwa pamoja, tuzihamishie kwenye gari jepesi tunalojiundia wenyewe.

1. Winchi na stendi zipo. Njooni na glavu na spana za milimita.

2. Tafadhali, waya usikatwe hata mmoja! Kila soketi ipigwe picha na kubandikwa lebo kabla ya kuchomolewa, maana nyaya hizohizo ndizo tutakazofunga kwenye chasisi mpya ya gari letu. Kazi hii isiharakishwe, hata ikitumaliza siku nzima.

3. Springi za MX-5 tunaziacha, ni ngumu mno kwa gari jepesi kama letu.

Mchango wa mipaipu ya breki mwisho Ijumaa. Unayekuja, andika jina lako hapa kabla ya Alhamisi jioni. Nafurahi sana tumefika hatua hii.